Jeni Inayofungwa Mapema: Seli Shina za Damu na Mtoto wa Selimundu wa Turiani

Swali moja huwafikia mara kwa mara wauguzi wa kliniki za mama na mtoto katika Turiani na vijiji vinavyoizunguka, chini ya milima ya Nguru. Mama amempakata mtoto wa miezi minane. Mikono na miguu ya mtoto imevimba, viganja vimepauka, na hataki kuguswa. Mama anauliza: "Huyu nilimzaa mzima. Amenyonya, ameongezeka, kadi yake hii hapa. Imekuwaje leo damu imuishie?"

Kadi inamshuhudia. Mstari wa uzito ulipanda tangu mwezi wa kwanza hadi wa sita bila kuyumba. Lakini kabla mama hajafika kliniki, jibu ameshapewa nyumbani: mtoto kabemendwa. Yaani mama hakuyatunza masharti ya kunyonyesha, na mwili wa mtoto ndio unaolipa. Jibu hilo lina nguvu kwa sababu linaeleza jambo ambalo watu wote wameliona kwa macho yao, kwamba mtoto alikuwa mzima kisha akabadilika. Mhudumu wa afya anayesema tu kwamba huu ni ugonjwa wa kurithi aliozaliwa nao bado hajamjibu mama, maana atarudishiwa swali lilelile: kama alizaliwa nao, mbona haukuonekana?

Somo hili ni jaribio la kumjibu. Jibu limo ndani ya mifupa ya mtoto, katika seli zinazozalisha damu, na linahusu jeni moja ambayo ilikuwa ikifanya kazi na sasa imenyamazishwa.

Shina na mabua

Msomaji aliyekulia karibu na mashamba ya Mtibwa anajua kwamba muwa hukatwa lakini haung'olewi. Mabua huenda kiwandani, shina hubaki ardhini, na msimu unaofuata huchipua tena. Damu nayo huzalishwa kwa namna inayofanana na hiyo. Chembe nyekundu tunazoziona kwa hadubini ni mabua. Katika mtu mwenye afya, kila moja huishi takribani siku 120, kisha huvunjwa. Ili kufidia zinazovunjwa, mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe mpya zipatazo milioni mbili kwa kila sekunde. Zote hizo asili yake ni seli shina chache zilizojificha katika uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa ambao wengine huuita uboho.

Seli shina inapogawanyika, inaweza kuzaa seli shina nyingine kama yenyewe, na inaweza kuzaa seli inayoanza safari ya kuwa kitu maalumu: chembe nyekundu, chembe nyeupe, au zile chembe sahani zinazogandisha damu. Hapa lipo jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hulikariri bila kulistaajabia. Seli hizo zote zina vinasaba vilevile. Chembe nyeupe haikupewa kitabu tofauti na kile cha seli inayoelekea kuwa nyekundu. Tofauti iko katika kurasa zinazosomwa. Jeni inasemwa kuwa inafanya kazi pale ambapo maandishi yake yananakiliwa na nakala hiyo kutumika kutengeneza protini. Jeni iliyonyamaza ipo palepale ilipo, haijafutika, ila haisomwi.

Katika seli shina yenyewe, jeni za himoglobini hazina kazi kubwa. Huanza kusomwa kwa wingi pale seli inapochukua njia ya wekundu, na kuanzia hapo kasi huwa kubwa mno, hata himoglobini ikakaribia kuijaza seli nzima. Mwisho wa safari seli hutupa kiini chake pamoja na vinasaba vyote vilivyomo, huingia katika mishipa ya damu, na kuzunguka mwilini ikiwa mfuko wa kubebea oksijeni. Mhudumu wa afya na alishike jambo hili, kwa maana litarudi: chembe nyekundu iliyokomaa haina tena kitabu cha kusoma. Himoglobini iliyotoka nayo ndiyo itakayokufa nayo. Anayetaka kubadili aina ya himoglobini ya mgonjwa hana budi kwenda mapema zaidi, katika uloto, wakati seli bado inasoma.

Lango la mfereji

Himoglobini hujengwa kwa minyororo minne ya protini, miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina nyingine. Aina hiyo nyingine hubadilika kwa umri. Mtoto akiwa tumboni hutumia mnyororo uitwao gama, na himoglobini inayopatikana huitwa himoglobini ya kijusi, ambayo kwenye majibu ya maabara huandikwa kwa herufi F. Hiyo hushika oksijeni kwa nguvu kuliko ile ya mtu mzima, na kwa njia hiyo kijusi huweza kujipatia oksijeni kutoka katika damu ya mama. Baadaye kazi huchukuliwa na mnyororo wa beta, na himoglobini huitwa A.

Jeni za gama na beta ziko katika kromosomu ya 11, zimepangwa karibu karibu kwa utaratibu uleule zinavyotumika maishani. Wakulima wa mpunga wa skimu ya Mkindo watalielewa jambo hili upesi. Mfereji mkuu ni mmoja, na majaruba ni mengi. Maji yakifunguliwa kuelekea jaruba la chini, lango la jaruba la juu hufungwa, lakini hakuna anayelifukia. Karibu na siku ya kuzaliwa, maji huanza kuhamishwa kutoka gama kwenda beta. Mtoto anapozaliwa, himoglobini ya kijusi bado ni takribani asilimia 60 hadi 80 ya himoglobini yake yote. Miezi michache baadaye imeshapungua sana, na kwa watu wazima wengi hubaki chini ya asilimia moja.

Sasa tuseme beta ya mtoto huyu ina kasoro. Katika selimundu kasoro ni ndogo kupita inavyotazamiwa: herufi moja ya vinasaba imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino moja, ya sita katika mnyororo wa beta, si ile iliyopaswa kuwapo. Himoglobini inayotokana na kosa hilo huitwa S. Ikishatoa oksijeni yake, molekuli za S hushikamana na kujipanga kama nyuzi ndefu ngumu, nazo nyuzi hizo huipinda chembe ikawa na umbo la mundu. Chembe iliyopinda huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, na kabla ya kuvunjika huziba vimishipa vidogo. Kuvunjika ndiko kunakoleta upungufu wa damu na macho ya manjano. Kuziba huleta maumivu, uvimbe wa mikono na miguu kwa watoto wachanga, na kwa wengine kiharusi.

Lakini beta yenye kasoro haimdhuru mtu kabla haijafunguliwa. Wakati gama ingali inafanya kazi, S ni kidogo, na zaidi ya hapo himoglobini ya kijusi haishonwi katika zile nyuzi: inapokuwapo ndani ya chembe hukata mfuatano wake. Mwaka 1948 daktari wa watoto aliyeitwa Janet Watson, akifanya kazi New York, aliona kwamba chembe za watoto wachanga wenye ugonjwa huu hazikupinda kwa urahisi kama za mama zao, akahisi kwamba himoglobini ya kijusi ndiyo inayozikinga. Aliliona hilo kabla ya kujulikana hata kosa lenyewe la beta liko wapi.

Basi hili ndilo jibu la mama wa Turiani. Mtoto hakubadilishwa na kitu chochote mama alichokitenda. Alizaliwa na ugonjwa, na alizaliwa na kinga dhidi ya ugonjwa huohuo, kisha kinga ikafungwa kwa ratiba ile ambayo hufungwa kwa kila mtoto duniani, akiwemo mtoto wa jirani ambaye beta yake haina kasoro na ambaye kwa hiyo hakuna aliyetambua kwamba naye amefungiwa lango. Miezi sita ya uzima haikuwa udanganyifu wala maziwa hayakuharibika. Nimeona ya kwamba maelezo haya, yakitolewa polepole na baba akiwa amekaa hapohapo, hufanya kazi ambayo vidonge havifanyi.

Kipimo kinachosema "mzima"

Ratiba hii ya jeni ina madhara makubwa katika maabara, na hapa naomba wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wawe wavumilivu, kwa kuwa nitakaa kidogo.

Katika vituo vingi kipimo cha selimundu kinachopatikana bado ni kile cha kuchanganya tone la damu na dawa ya metabisulfaiti juu ya kioo, kusubiri, kisha kutazama kwa hadubini kama chembe zimepinda. Ni kipimo cha bei ndogo na kimetumika kwa miaka mingi. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita hakifai. Himoglobini ya kijusi ikiwa bado nyingi, chembe hazipindi, na jibu hurudi kwamba hakuna mundu. Tuchukue mtoto mmoja kwa mfano. Kaka yake anaugua selimundu, na mama kwa busara anampeleka mdogo kupimwa akiwa na miezi mitatu. Anaambiwa ni mzima. Neno hilo huandikwa kwenye kadi, na likishaandikwa huwa gumu kufutika. Miezi sita baadaye anakuja na homa kali, na kila anayeifungua kadi anasoma kwamba selimundu imeshaondolewa katika orodha ya mashaka. Mama alifanya yote yaliyotakiwa, ila kipimo kiliuliza swali kabla ya wakati wake.

Kosa la pili la kipimo hicho ni kwamba hakitofautishi kati ya mgonjwa na mbebaji. Mwenye jeni mbili za S na mwenye moja ya S na moja ya A wote chembe zao zitapinda kwenye kioo. Nimekutana na watu wazima walioishi miaka wakiamini wana ugonjwa huu, kumbe ni wabebaji wasiohitaji dawa yoyote.

Kinachotakiwa ni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, iwe kwa mashine za hospitali kubwa au kwa vile vipimo vidogo vya haraka vinavyotumia kitone kimoja cha damu na kutoa jibu papo hapo. Majibu ya mtoto mchanga husomwa kwa namna yake, na F hutangulia. FA ni mtoto asiye na S. FAS ni mbebaji. FS ni mtoto ambaye hana A kabisa, na huyo ndiye wa kufuatiliwa kama mgonjwa huku jibu likithibitishwa baadaye. Tazama kwamba F iliyozuia kipimo cha kioo kusema kweli hapa haizuii chochote, maana kila himoglobini imesimama mahali pake.

Kuna kosa jingine, nalo halitokani na kipimo bali na haraka yetu. Mtoto analetwa akiwa na damu ya gramu nne, anapumua kwa shida, anaongezewa damu kama inavyopaswa, na kesho yake mtu anakumbuka kuagiza kipimo cha selimundu. Damu inayopimwa hapo kwa sehemu kubwa ni ya mchangiaji. A itaonekana, na mgonjwa ataitwa mbebaji. Sampuli ichukuliwe kabla ya chupa ya damu kuning'inizwa. Ikishindikana, ingojwe takribani miezi mitatu, ndipo chembe za mchangiaji zitakuwa zimekwisha katika mzunguko.

Kwa nini haraka yote hii ya kumtambua mtoto akiwa mchanga? Kwa sababu bandama. Kiungo hicho huchuja vijidudu katika damu, na chembe zilizopinda hukiharibu mapema, mara tu gama inapofifia. Mtoto wa selimundu wa miezi minane anaweza kuuawa na vijidudu vya nimonia kwa siku moja au mbili. Katika wagonjwa waliofuatiliwa Muhimbili tangu 2004, kundi lililokuwa na kasi kubwa kuliko yote ya vifo ni la watoto wa chini ya miaka mitano. Penisilini ya kila siku, ikianza mwezi wa pili au wa tatu na kuendelea angalau hadi miaka mitano, huwahi kuingia kabla kinga ya F haijaondoka. Chanjo ya nimonia inayotolewa kwa watoto wote nchini ni mlinzi mwingine. Ikianza baada ya uvimbe wa kwanza wa mikono, penisilini bado inafaa, lakini tumeshapoteza miezi ambayo hatukupaswa kuipoteza.

Mtoto huyo pia anahitaji chandarua na kinga ya malaria kwa mujibu wa mwongozo wa wizara. Hapa Turiani, kwenye mito inayoshuka Nguru na mabonde ya mpunga, watu huniambia: "Lakini daktari, tulisikia selimundu inazuia malaria." Walichosikia ni nusu ya habari. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi wake Afrika Mashariki, alionesha mwaka 1954 kwamba mbebaji, mwenye jeni moja tu ya S, hukingwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu jeni hii imeenea sana katika nchi zenye mbu wengi kama yetu. Mwenye jeni mbili hana nafuu hiyo. Malaria ikimpata inamkuta tayari hana akiba ya damu.

Anayefunga lango ni nani

Watu wachache huzaliwa na hitilafu ya kurithi inayolifanya lango la gama lisifungwe barabara. Wakirithi pia selimundu, ugonjwa wao huwa mwepesi kwa namna ya kushangaza. Vilevile mashariki ya Saudi Arabia na katika sehemu za India wagonjwa wengi hubaki na F nyingi kuliko wagonjwa wa Afrika ya Kati na Mashariki. Kwa miaka mingi wanasayansi walijua kwamba lango lipo bila kumjua bawabu.

Bawabu alitambuliwa kati ya 2007 na 2008. Uchunguzi wa vinasaba vya watu wengi, wengine wakiwa Ulaya na katika kisiwa cha Sardinia, ulielekeza kidole kwenye jeni iitwayo BCL11A katika kromosomu ya 2, na majaribio ya maabara huko Marekani yakathibitisha kwamba protini yake ndiyo inayoinyamazisha gama katika seli zinazoelekea kuwa nyekundu. Ikipunguzwa, gama hufunguka tena. Eneo jingine, katika kromosomu ya 6, karibu na jeni iitwayo MYB, nalo lina sauti yake katika jambo hili.

Je, bawabu huyu ndiye anayelinda lango la wagonjwa wa Tanzania? Swali halikuwa la kipuuzi, maana vinasaba vya Ulaya haviwezi kudhaniwa kuwa kioo cha vyetu. Profesa Julie Makani na wenzake walilijibu mwaka 2011 kwa kutumia damu ya wagonjwa wa Dar es Salaam zaidi ya elfu moja, na mwaka 2014 Siana Mtatiro na wenzake wakapekua vinasaba vyote kwa upana zaidi. BCL11A ilionekana wazi, na eneo la kromosomu ya 6 pia. Lakini tofauti hizo zinazojulikana zilieleza sehemu ndogo tu ya sababu kwa nini mgonjwa mmoja ana F nyingi na mwenzake kidogo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari nzito zaidi katika kazi hizo, na hutajwa kwa uchache kupita inavyostahili: mabawabu wengine wapo, na yamkini njia fupi ya kuwapata ni kuendelea kuwachunguza wagonjwa wa bara hili.

Mifereji inayofunguliwa upya

Kwa kuwa lango limefungwa tu na halikufukiwa, yawezekana kulifungua. Zipo njia mbili za kufanya hivyo, na moja kati yake inaweza kufika Turiani.

Njia hiyo ni kidonge. Haidroksiyurea ni dawa ya zamani ya saratani ambayo hupunguza kasi ya seli za uloto kugawanyika. Uloto unaosukumwa hivyo hujirudi kwa kutoa chembe nyekundu zilizobeba F zaidi. Marekani iliidhinisha itumike kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Kwetu hofu ilikuwa nyingine: dawa inayopunguza chembe nyeupe, katika nchi ya malaria na utapiamlo, isije ikaua kuliko inavyoponya. Hofu hiyo ilipimwa katika utafiti wa REACH, uliowahusisha watoto zaidi ya 600 huko Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Vipindi vya maumivu vilishuka hadi chini ya nusu ya vilivyokuwapo kabla ya dawa. Haja ya kuongezewa damu ilishuka hadi karibu theluthi, na vifo navyo vilipungua sana. Malaria, ambayo watu waliihofia, ilipungua kwa karibu nusu.

Mgonjwa anayeitumia anapaswa kujua mambo yafuatayo. Faida haionekani kwa wiki moja, maana chembe za zamani hazibadiliki na ni lazima zipishe mpya. Hivyo kuacha dawa kwa sababu "bado naumwa" mwezi wa kwanza ni kuacha shamba siku ya kupanda. Damu hupimwa mara kwa mara, hasa mwanzoni na dozi inapopandishwa, kutazama chembe nyeupe na chembe sahani. Mwanamke anayepanga kushika mimba azungumze na daktari kabla. Na dawa ikiisha dukani, kama inavyotokea, asikae kimya hadi kliniki ijayo. Bei yake na upatikanaji wake ndio mwamba mkubwa uliobaki, na mimi nauona kuwa jambo la bajeti kuliko la sayansi.

Njia ya pili ni kuigusa seli shina yenyewe. Mnamo Novemba 2023 Uingereza, na Desemba mwaka huohuo Marekani, ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Seli shina za mgonjwa hutolewa, na kwa mkasi wa kimolekuli uitwao CRISPR hukatwa kipande kidogo cha vinasaba ambacho huiwasha BCL11A. Ustadi umo katika uchaguzi wa kipande: ni kile kinachofanya kazi katika seli za njia ya wekundu pekee, kwa sababu BCL11A ina kazi nyingine za lazima katika chembe nyeupe na katika ubongo, na kuizima kila mahali kungekuwa maafa. Bawabu anaondolewa kwenye lango moja na kuachwa kwenye mengine. Katika jaribio lililotumika kuiidhinisha Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila maumivu makali ya selimundu.

Vichwa vya habari vilisema tiba imepatikana. Havikusema kwamba kabla ya kurudishiwa seli zake mgonjwa hupewa dawa kali inayoteketeza uloto wa zamani, ambayo yaweza kumnyima uwezo wa kuzaa, na kwamba bei yake nchini Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa nchi ambayo inakadiriwa kuzaliwa watoto kati ya 11,000 na 14,000 wenye selimundu kila mwaka, tusimpe mzazi matumaini ya kuuza shamba. Upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu anayefanana na mgonjwa ulianza kutolewa kwa watoto wa selimundu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023. Hiyo ni hatua ya kweli, ingawa ni kwa wachache waliobahatika kuwa na ndugu huyo.

Ukoo wa nani

Limebaki swali ambalo huulizwa baba akishatoka nje. Kwa Waluguru na Wanguu ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mtoto ni wa huko. Si ajabu basi kwamba ugonjwa ukiitwa wa kurithi, macho yote humgeukia mama kwa mara ya pili: kwanza alibemenda, sasa ukoo wake una damu mbaya. Katika jambo hili jeni haihesabu koo. Mtoto mwenye SS amepokea S moja kwa mama na nyingine kwa baba, na isingekuwa hivyo asingeugua. Wazazi wote wawili wapimwe, siku moja ikiwezekana, na waelezwe pamoja. Katika watoto wachanga wapatao elfu nne waliopimwa Muhimbili na Temeke kati ya 2015 na 2016, takribani mmoja katika kila wanane alikuwa mbebaji. Ubebaji ni jambo la kawaida mno kuwa aibu ya ukoo mmoja.

Wazazi wawili wabebaji, kwa kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kila mimba huanza hesabu upya. Aliyetangulia kuugua hamlipii anayefuata, wala watoto watatu wazima hawamaanishi kwamba wa nne ndiye mwenye zamu. Mama wa Turiani akishika mimba nyingine, iandikwe kwenye kadi yake ya wajawazito kwamba ana mtoto wa selimundu. Mtoto akizaliwa, kitone cha damu kichukuliwe kisiginoni kwa kipimo kinachotenganisha himoglobini, na jibu lisubiriwe pamoja na chanjo za mwanzo. Likirudi FA au FAS, mama aelezwe maana yake na aende nyumbani. Likirudi FS, penisilini ianze anapomleta kwa chanjo ya wiki ya 10, mtoto akiwa bado mzima, amenona, na F yake ikiwa bado inamlinda.